Kamera Iliyoingia kwa Wanawake

Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri mapema nisije nikalaumiwa. Siku niliyoiona ile karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa duka la dawa hapa Malindi, niliisoma mara moja, nikaisoma tena, kisha nikaibandua mbele ya mwenye duka. Akaniuliza, "Dada Mwikali, kulikoni?" Nikamwambia karatasi hii haikai hapa mimi nikiwa hai. Akacheka, akadhani nafanya mzaha.

Karatasi ilisema kwamba Jumamosi, katika ukumbi mmoja pale Kilifi, kutakuwa na siku ya kuwakumbuka waasisi wa filamu za Pwani. Mgeni wa heshima ni Bwana Nicholas, mwenye studio ya zamani ya video Malindi, "mtengenezaji wa filamu ya harusi ya mwaka 1999 isiyo na kifani." Na picha yake ipo, amevaa miwani, anatabasamu. Anatabasamu, jamani! Filamu ile aliipiga Kanze. Najua kwa sababu nilikuwa nyuma yake tangu mwanzo hadi mwisho, mkono umekufa ganzi kwa kushika taa.

Ngoja nikueleze Kanze ni nani, maana ukimwona leo shambani kwake Sabaki, kanga kiunoni, anapalilia nyanya, hutadhani kama aliwahi kushika kitu kingine zaidi ya jembe. Kwao ni ndani huko, Marafa. Alipomaliza darasa la nane baba yake, Mzee Kambi, alimleta mjini akafanye kazi za nyumbani, na baadaye akapata kibarua cha kufagia katika studio ya Nicholas. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kwetu Mwingi, najifunza kushona kwenye duka la jirani. Tulikuwa tukila mihogo pamoja mchana, tukitaniana na kuchekana. Yeye mpole, mimi mkali. Hatukuwahi kugombana hata mara moja, na hilo ni ajabu, waulize walionizunguka.

Sasa, mambo ya harusi za Waislamu wa mji wa kale yanajulikana. Kuna ya wanaume, ya msikitini, na kuna kupamba, ile siku wanawake wanapokusanyika kumtazama bibi harusi. Huko mwanamume haingii. Wanawake huvua buibui, huacha nywele wazi, huvaa magauni ambayo barabarani huyaoni, na hucheza watakavyo. Nakumbuka harusi moja stima ilikatika, ikabidi fundi aitwe. Mzee wa watu aliingizwa amefunikwa kanga kichwani mpaka kifuani, ameshikwa mkono na bibi mmoja, akatengeneza fyuzi kwa kupapasa, akatolewa vilevile. Mpaka leo sijui hakuuawa vipi na umeme.

Basi mwaka wa tisini na saba, baba mmoja wa mtaa wa Shela alikuja studio akasema, "Nataka kupamba kwa binti yangu kupigwe video, lakini nataka mpigaji mwanamke." Nicholas hakuwa naye. Akageuka, akamwona msichana na ufagio. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Nicholas ndiye aliyemwambia Kanze weka huo ufagio, njoo ushike hii. Akamfundisha wiki moja. Kanze akapiga kuku, akapiga watu wakipita, akanipiga mimi nikitia uzi kwenye cherehani. Kamera yenyewe ilikuwa ya begani, nzito, na betri lake unalifunga kiunoni. Akahitajika mwanamke wa pili wa kushika taa, na nani mwingine alikuwa karibu kama si mimi?

Tulifanya harusi nyingi mno. Na kwa kuwa mwanamume hapaswi kuona, hata kanda ikirudi studio Nicholas hakuigusa. Kanze alijifungia chumba cha nyuma na deki mbili, anacheza kanda kwenye hii, anarekodi kwenye ile, anakata anachotaka na kuunga anachotaka. Akimaliza, kanda mbichi zinafutwa, na ile iliyokamilika anapewa mama wa bibi harusi mkononi, moja tu. Studio haikubaki na kitu. Ndiyo iliyokuwa ahadi yake kwa wenyewe, na hakuivunja.

Harusi ya Mwanaesha, mwaka wa tisini na tisa, ndiyo iliyonitoa machozi. Mwanaesha alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye haya. Watu wote wanatarajia kamera isimame mbele ya kiti cha bibi harusi ikodoe macho pale mpaka betri liishe, ndivyo kazi ilivyokuwa. Kanze akaniambia, "Nifuate." Akaanza na viatu mlangoni, rundo la viatu. Akaenda kwa mabibi watatu waliokuwa wakitunga vikuba, vile vishada vya asumini, akakaa nao chini, akawaachia waongee. Akapiga wanawake wanapofika, mmoja mmoja, ile dakika buibui linapotoka na uso unabadilika. Akapiga midomo ya waimbaji na mikono inayogonga pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Kisha akaingia jikoni, na pale tukamkuta mama yake Mwanaesha peke yake, anapepea makaa ambayo yalikuwa yameshawaka zamani, analia. Nikashusha taa kwa aibu. Kanze akanifanyia ishara, inua. Mama yule akatuona, na hakutufukuza. Akatutazama tu, akaendelea kupepea.

Kuna shangazi aliyelalamika kanda ilipopelekwa. "Viatu vya nini? Jiko la nini? Mwanangu yuko wapi?" Lakini mama Mwanaesha aliichukua ile kanda akaifungia sandukuni pamoja na dhahabu zake. Siku zile hakuna aliyeiita filamu. Ilikuwa kanda ya harusi tu.

Baadaye simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, studio ikafungwa. Nicholas akahamia Kilifi. Kanze, aliyekuwa ameshaolewa, akaachwa mjane, akarudi kwenye udongo. Binti yake Everlyne ana miaka ishirini na tatu sasa, anauza simu Kilifi, na ukimwuliza mama yako alifanya kazi gani zamani, atakwambia, "Alikuwa akimshikia taa mzee mmoja wa studio." Nilimsikia akisema hivyo kwa masikio yangu haya, mbele ya mama yake, na Kanze akanyamaza. Nikamtazama. Akanitazama. Roho iliniuma, lakini mtoto ni wake, si wangu.

Na ile karatasi mkononi, nikaenda Sabaki.

Nilimkuta anamwagilia. Nikamrushia ile karatasi hata salamu sikutoa. Akaisoma polepole, akaikunja, akasema, "Yule msichana alikuja hapa."

"Msichana gani?"

"Lynn. Mtafiti. Mtoto mzuri, ana adabu. Alifika na shikamoo yake, akakaa kwenye kile kigoda."

Nikakaa mimi kwenye kile kigoda. Akanieleza yote. Lynn ametoka bara, anaandika kitabu cha wanawake weusi waliotengeneza filamu, wa Afrika na wa ng'ambo, tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Amesema wengi wamepotea kwa sababu jina lililoandikwa lilikuwa la mume au la bosi. Amesema ana kurasa za Afrika Magharibi, ana za Amerika, ana za Nairobi, lakini ukurasa wa Pwani ya Kenya uko mtupu, hajampata hata mmoja wa miaka hiyo. Na kitabu kinakwenda kupigwa chapa mwezi ujao.

"Na kwako alifuata nini?"

"Alikuwa akitafuta habari za Nicholas. Mwanaesha alimpa ile kanda yake aisafishe, aitie kwenye kompyuta, kwa sharti kwamba wanawake tu ndio wataiona. Ameipenda mno. Akaambiwa mimi nilifanya kazi studio, basi akaja kuniuliza Nicholas alikuwa mtu wa namna gani."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni mtu mzuri. Nikampa nyanya."

Loo! Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Msichana amekaa hapo, anamtafuta mwanamke, anamlilia mwanamke, na mwanamke mwenyewe yuko mbele yake anamchagulia nyanya zilizoiva! Nikamwambia Kanze, kitabu kikishatoka na ukurasa mtupu, basi, umekwisha. Hakuna atakayekuja tena na shikamoo. Utakufa mshika taa. Wajukuu wako wataambiwa bibi yenu alimshikia mzee mmoja taa, na taa yenyewe niliishika mimi!

Hapo akacheka kidogo, kisha akalia. Sikuwahi kumwona Kanze akilia. Akasema, "Nataka, Mwikali. Usidhani sitaki. Nililala siku tatu nikiwaza ule ukurasa. Lakini jina la Nicholas liko mwishoni mwa filamu, Lynn ameliona kwa macho yake. Nikisema ni mimi, nitaonekana namwibia mzee. Yeye ndiye aliyenitia kamera mkononi."

"Na yeye kukuibia wewe je?"

"Usiende kumwaibisha. Niahidi."

Nikaahidi. Nikamlaani Nicholas njia nzima ya kurudi Malindi. Nilimwona ndani ya akili yangu akibandika jina lake pale mwisho kwa vidole vyake vinene.

Lakini sikuahidi kutokwenda Kilifi. Jumamosi nikamvalisha Kanze gauni nililomshonea mwenyewe, la kitambaa cha bluu, nikamwambia tunakwenda kusikiliza tu, tutakaa nyuma. Everlyne naye akatoka dukani kwake akajiunga nasi. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wa chuo, watu wa ofisi, wazee wa Malindi na wake zao. Mwanaesha nilimwona mstari wa pili, mwanamke mzima sasa, amekaa na mumewe na kaka yake. Alikuja kuhakikisha sharti lake linatimizwa. Filamu yenyewe ilikuwa ionyeshwe mwisho, wanaume wakishatolewa. Kwanza ni mazungumzo.

Lynn akapanda jukwaani na Nicholas. Mzee amezeeka, koti limemzidi mabega. Akaanza kueleza mambo ya studio, bei ya kamera zile, jinsi alivyosafiri nazo Mombasa zikafanyiwe matengenezo. Haya, ni kweli. Akaeleza alivyopiga nikaha ya Mwanaesha msikitini. Hiyo pia ni kweli, ya wanaume aliipiga yeye, na nadhani kichwani mwake, baada ya miaka ishirini na mitano, harusi ilikuwa moja na video ilikuwa moja. Nilianza hata kumwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Kisha Lynn akamwuliza, na macho yake yanang'aa, maskini, "Bwana Nicholas, kinachonishangaza mimi ni jinsi wanawake wale walivyo huru mbele ya kamera yako. Wanacheka, wanacheza, vichwa wazi. Uliwezaje kuwazoesha?"

Nilijua hapo kwamba msichana huyu hajui. Kwao bara mpiga picha wa harusi ni kama daktari, anaingia popote. Alidhani sharti la Mwanaesha ni la watazamaji tu. Wala hakuna aliyemweleza, kwa sababu kwetu jambo hilo haliambiwi mtu, linajulikana.

Nicholas angeweza kusema hapana. Angeweza kusema subiri mwanangu, unazungumzia kanda gani? Lakini kipaza sauti ki mkononi, watu mia mbili wanamtazama, na sifa ni tamu. Akatabasamu kama kwenye ile karatasi, akasema, "Ni mazoea tu. Wale wanawake waliniona kama ndugu yao."

Mzee mmoja mbele yetu akasema, "Astaghafirullah." Mke wake akamshika mkono. Nikasikia kiti kinasukumwa, Mwanaesha amesimama.

"Bwana Nicholas," alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza, "mimi ndiye bibi harusi. Nakuuliza kwa heshima. Uliingia kwenye kupamba kwangu?"

Nicholas akatoa kitambaa, akajifuta paji la uso. "Dada, studio yangu ndiyo iliyo..."

"Sikuulizi studio. Mume wangu huyu hapa. Kaka yangu huyu hapa. Wajomba zangu wawili wako kule. Wanataka kujua kama uliniona kichwa wazi. Uliingia?"

"Hasha! Sikuingia! Wallahi sikuingia!" Nicholas ni Mkristo, mzee wa kanisa, lakini siku ile alikiita kiapo kilichokuwa karibu.

"Basi labda uliitazama kanda baadaye."

"Sijaiona! Hata siku moja! Mungu ni shahidi yangu!"

"Nilivaa nguo ya rangi gani?"

Mzee wa watu amesimama, mdomo wazi, filamu anayoiita yake, na rangi ya nguo ya bibi harusi haijui. Mahali fulani mtu akaanza kucheka, akajizuia. Mimi nilikuwa nimeng'ata kanga yangu. Nilitamani kuruka juu nipige vigelegele, lakini niliahidi.

Mwanaesha akalegeza sauti. "Basi, mzee wangu, nani aliyeingia?"

Nicholas akatafuta kwa macho, mstari kwa mstari, mpaka akatufikia huku nyuma. Na hapa nitamsifu, hata kama inaniuma. Aliweka kile kipaza sauti chini akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Aliingia Kanze. Kanze wa Kambi, yule pale mwenye bluu. Mimi nilimfundisha wiki moja. Mengine aliyajua mwenyewe."

Watu wote wakageuka. Wanawake wa Malindi hawakushangaa hata kidogo. Mmoja akasema kwa sauti, "Si tunajua! Nani mwingine?" Mwingine akasema, "Hata mimi alinipiga." Na mwingine, "Na mimi, na dada zangu wote wawili." Wakasimama pale walipo, wanawake wazima, wakijitaja kama mashahidi mahakamani. Miaka yote hiyo wanajua, na hakuna aliyewauliza.

Lynn alishuka jukwaani mbio, karatasi zikamponyoka. Akafika kwetu, akapiga magoti mbele ya Kanze, machozi tayari. "Mama, nilikaa shambani kwako. Nilikwambia ninatafuta mwanamke. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza habari zangu, mwanangu," Kanze akamjibu kwa upole. "Uliniuliza habari za Nicholas."

Na Everlyne, aliyekuwa ameketi katikati yetu, akamtazama mama yake kama mtu aliyeambiwa nyumba yao ina chumba kingine. "Mama?" akasema. Kanze akampapasa goti.

Ukafika wakati wa kuionyesha. Wanaume wakatoka, wote, hata kijana mmoja, Oliver, aliyewekwa kuendesha projekta, ikabidi Lynn aiendeshe mwenyewe. Mabibi wawili wa Malindi wakajiteua kusimama mlangoni na kikapu, kila anayebaki aweke simu yake humo. Nicholas alikuwa wa mwisho kutoka. Alipopita karibu nasi akasimama, akamwuliza Kanze, chini chini, "Ni nzuri kama wanavyosema?"

"Sijui, mzee," Kanze akasema. "Sijaiona tangu siku ile."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Nilimwona kupitia dirishani amekaa kwenye ngazi na wanaume wengine, mikono magotini. Nikajikuta simchukii kama asubuhi.

Taa zikazimwa. Sitaeleza niliyoyaona, maana si yako kuyajua kama wewe ni mwanamume, na kama ni mwanamke, nenda kwa Mwanaesha ukamwombe. Nitasema tu kwamba niliyodhani nayakumbuka sikuyakumbuka. Nilikuwa nyuma ya taa, nilikuwa natazama waya na jasho. Kanze alikuwa anatazama watu. Ukutani pale kila bibi aliyekwisha kufa alikuwa anacheka, na ukumbi mzima walikuwa wakiitana, "Huyo nyanya yangu! Huyo marehemu Bi Rukiya!" Mwanaesha alipomwona mama yake jikoni akipepea makaa, aliinama, wenzake wakamkumbatia. Mama yule alifariki mwaka juzi. Mwanaesha hakuwahi kujua kwamba alilia. Ile kanda ilikuwa sandukuni mwa mama yake miaka yote, lakini deki hakuna tena, na alipokuwa nayo aliona haya kujitazama.

Everlyne hakutazama filamu sana. Alikuwa anamtazama mama yake anavyotazama.

Kisha ikafika mwisho, ukuta ukawa mweusi, na herufi nyeupe zikatokea: IMEPIGWA NA NICHOLAS.

Wanawake wakapiga kelele. "Aibu!" "Mwizi!" Na mimi nikasimama, mkono juu, mdomo wazi, tayari kumlaani mzee kwa nguvu zangu zote, anisikie huko kwenye ngazi. Ndipo nikakumbuka.

Ilikuwa asubuhi, katika kile chumba cha nyuma. Kanze amekaa mbele ya deki, ana kile kidude cha kuandikia, unabonyeza mara nyingi mpaka herufi unayoitaka itokee. Amechoka, macho mekundu. Aliniambia, "Nisomee, nisije nikakosea." Na mimi nilikuwa nimeshika kadi ya studio, nikamsomea, herufi moja baada ya nyingine, na yeye anabonyeza. Nicholas hakuwemo chumbani. Hakuruhusiwa kuwemo. Hakutuagiza, hakutuomba, pengine hata hakujua kwamba jina lake lipo.

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nikakaa. Ukumbi unapiga kelele na mimi siwezi kufungua kinywa, mimi, Mwikali. Nikamshika Kanze mkono. "Ulikuwa unakumbuka," nikamwambia. "Siku zote ulikuwa unakumbuka. Ndiyo maana ulinikataza."

"Nilikumbuka."

"Kwa nini hatukuandika lako? Tulikuwa peke yetu mle ndani. Mlango tuliufunga sisi wenyewe. Nani angetuzuia?"

Kanze aliendelea kutazama zile herufi ukutani. "Hatukulikataa, Mwikali," akasema. "Halikutujia. Tulidhani jina ni la mwenye mashine."

Nililia pale kwa sauti, sikuona haya. Nilijililia mimi na kumlilia yeye, na wale wasichana wawili tuliokuwa sisi zamani, kanda ile mikononi mwao na wasijue ni ya nani.

Lynn akawasha taa akaja na kompyuta yake mkononi. Akasema mwisho ule unaweza kubadilishwa pale pale, na ukurasa wa kitabu pia, anachohitaji ni kujua tu jina liandikwe vipi. Kanze Kambi? Kanze wa Kambi? Jina la marehemu mume wake? La kanisani? Watu mia moja walimgeukia Kanze, na binti yake miongoni mwao.

"Nipeni dakika moja," Kanze akasema. "Sijawahi kuulizwa."

Tukamsubiri.